Samsoni kwenye jiwe la kusagia

SWALI: Kwaya yetu inaandaa igizo la Samsoni akiwa mfungwa Gaza. Tunabishana kama Delila alikuwa mkewe. Pia hotuba ya majuto ni ndefu, na kwenye mazoezi watu huanza kupiga soga. Tufanyeje?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Waamuzi 16 haimwiti Delila mke, inasema tu Samsoni alimpenda. Mke aliyemsaliti ni yule wa Timna, sura ya 14, aliyemlilia mpaka akamtoa siri ya kitendawili. Mkitaka Delila awe mke, tangazeni mwanzoni kwamba mmeamua hivyo wenyewe. Ila msimsahau wa Timna: Samsoni alikuwa ameshaumwa na nyoka huyu.

Hotuba ikateni. Delila aliuliza siri ya nguvu zake mara 4. Mara 3 alidanganywa, na mara zote 3 akapaza sauti kuwa Wafilisti wamefika. Samsoni aliyaona hayo yote, akabaki. Akimtupia Delila lawama zote, pamoja na zile fedha 1,100 alizoahidiwa na kila mkuu wa Wafilisti, hatakuwa anajuta, atakuwa analalamika. Mpeni maneno machache: "Mara ya kwanza niliona. Ya pili niliona. Ya tatu niliona." Kisha asage.

Tafadhali, asizungushe gurudumu kama punda. Vinu vya namna hiyo vilikuja karne nyingi baadaye. Zama zake walisaga kwa jiwe la kwenda na kurudi, kama lile la bibi zetu wa Ugogo. Ilikuwa kazi ya wanawake na watumwa, na aibu ya mwamuzi aliyeiongoza Israeli miaka 20 iko hapo.

Azimeni jiwe halisi. Liinamie mbele, ungo uwe chini kupokea unga. Apige magoti, asukume kwa uzito wa mabega, si kwa mikono tu. Uwele aweke konzi moja moja. Akijaza, jiwe dogo litateleza juu ya punje bila kuzivunja. Jiwe lililolainika nalo halisagi, ligongeni kwa jiwe gumu lipate makwaruzo. Dakika 2 za kusaga bila neno zinatosha. Punje zikimwagika, azitafute kwa ncha za vidole, kwa kuwa haoni, Wafilisti wamemng'oa macho. Watu watanyamaza.

Nywele zake zilinyolewa, na nywele hukua kama sentimeta 1 kwa mwezi, basi zianze fupi kabisa, zirefuke onyesho hadi onyesho.

Mwishoni, yule kijana anapomshika mkono kumpeleka kwenye nguzo, msimnawishe. Pakeni nguzo rangi nyeusi, viganja vyake viache alama za unga.