Msasa Kwanza, Rangi Baadaye: Ushauri kwa Anayeanza Kuunda Roboti za Plastiki

Watu wanaotaka kuanza burudani ya kuunda roboti za plastiki huniuliza kwanza wanunue rangi gani. Mimi, ambaye nimeifanya kazi hii ya mikono tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Mombasa, siku mjomba wangu baharia aliponiletea boksi la kwanza kutoka Japani, huwajibu kwamba wasinunue rangi yoyote mpaka wamalize modeli kadhaa bila rangi. Fedha hiyo inunue koleo kali la kukatia plastiki, kisu chembamba cha kubadilishwa wembe, na karatasi za msasa za namba mbalimbali. Mwenye vitu hivyo vitatu, akiwa na subira ya kuvitumia, atatengeneza roboti nzuri kuliko mwenye kompresa ya kupulizia rangi na makopo ishirini ya rangi ambaye hajui kukata.

Ninazungumzia hasa modeli zinazoitwa gunpla, yaani roboti za Mobile Suit Gundam, mfululizo wa katuni uliooneshwa kwenye televisheni ya Japani kuanzia mwaka 1979 ukiongozwa na Yoshiyuki Tomino, huku maumbo ya roboti yakichorwa na Kunio Okawara. Mfululizo huo haukupata watazamaji wa kutosha hapo mwanzo, ukakatizwa baada ya vipindi 43. Julai 1980 kampuni ya Bandai ilitoa modeli ya kwanza ya roboti mkuu, RX-78-2, kwa skeli ya 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko roboti wa kwenye hadithi, na kwa bei ya yeni 300, na hapo ndipo jina la Gundam lilipoanza kuenea kwa kasi. Modeli hiyo ilihitaji gundi na rangi, kwa hiyo mtoto wa Kijapani wa wakati ule hakuwa na hiari: kama hakupaka rangi, roboti yake ilibaki nyeupe karibu mwili mzima. Siku hizi vipande hutoka kwenye kiwanda cha Shizuoka vikiwa na rangi zake tayari, na hubanana vyenyewe bila gundi. Rangi imekuwa jambo la hiari, lakini usafi wa mahali palipokatwa haujawa hiari hata siku moja, kwa sababu hakuna mashine inayokufanyia.

Kabla ya kukata chochote, chagua ukubwa unaokufaa. Daraja la HG (High Grade), lililoanza mwaka 1990, kwa kawaida huwa la skeli ya 1/144. Kwa kuwa RX-78-2 katika hadithi ana urefu wa mita 18, modeli yake husimama kiasi cha sentimita 12.5. Daraja la MG (Master Grade) la mwaka 1995 ni la 1/100, na roboti huyo huyo hufika sentimita 18 akiwa na kiunzi cha ndani kinachojengwa kwanza kabla ya kuvishwa vipande vya nje. PG (Perfect Grade) la mwaka 1998 ni la 1/60, kubwa na ghali. RG (Real Grade), lililokuja mwaka 2010, lina udogo wa HG na wingi wa vipande unaokaribia MG, na kwa maoni yangu halimfai anayeanza hata kidogo, ingawa picha yake kwenye boksi humvutia kila mtu. Anza na HG. Ukiharibu kipande cha HG umepoteza kidogo, na ukikimaliza vizuri umejifunza yote ambayo madaraja mengine yatakudai.

Sasa tuje kwenye ukataji, ambao nitaueleza kwa urefu kwa kuwa ndio msingi wa yote. Kila kipande hushikiliwa kwenye fremu ya plastiki kwa vishina vyembamba. Usikate kishina karibu na kipande kwa mkato wa kwanza. Kata mbali kwanza, upande wa fremu, ili kipande kitoke kikiwa huru. Kisha kata mara ya pili ukiacha kama milimita moja, na hiyo milimita iondoe kidogo kidogo kwa kisu na msasa. Sababu yake ni kwamba meno ya koleo hayakati tu, bali huminya, na plastiki ikiminywa au kupindwa ghafla hugeuka nyeupe mahali hapo. Doa hilo halionekani sana kwenye plastiki nyeupe, lakini kwenye bluu, nyekundu na nyeusi hujitangaza lenyewe. Msasa, ambao namba yake ikipanda huwa laini zaidi, uanze na namba 400 kwa kuondoa kishina, uendelee na 600 na 800, na umalizie na 1000 au zaidi kama hutapaka chochote juu. Ufunge kwenye kipande cha ubao au plastiki bapa, kwa sababu kidole ni laini na huviringisha kona ambazo zinapaswa kubaki kali, na uzuri wa roboti hawa umo katika ukali wa kona zao.

Jambo la pili ni mishono. Mkono au bunduki ya roboti mara nyingi huwa nusu mbili zinazobanwa pamoja, na mstari wa kukutana kwao huonekana. Tumia gundi nyepesi ya modeli, ambayo haigandishi kama gundi ya kawaida bali huyeyusha plastiki ya pande zote mbili ili ziungane. Paka, subiri kidogo, kisha bana mpaka utando mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka utokeze kwenye mstari. Acha ikauke siku kadhaa, ndipo usugue kwa msasa. Ukisugua mapema, mstari utazama tena baada ya wiki. Soma pia alama zilizochapwa kwenye fremu: PS ni polistireni, na hiyo ndiyo inayokubali gundi hii, ABS ni plastiki ngumu zaidi na inataka gundi yake, na PE, yaani polithini, inayotumika kwenye viungo laini, haikubali gundi wala rangi.

Usitupe fremu zilizobaki. Sisi tulio mbali na maduka ya modeli tunazihitaji kuliko wenzetu wa Tokyo, ambao tangu mwaka 2021 wamewekewa masanduku ya kukusanya fremu hizo ili zirejelezwe kiwandani. Katakata vipande vidogo vya fremu ya PS, uvitumbukize kwenye chupa yenye gundi kidogo ya modeli, na kesho yake utakuwa na uji wa plastiki wa rangi ile ile ya roboti yako, unaoziba mashimo na mishono vizuri kuliko puti ya dukani. Kipande kingine ukipashe joto juu ya mshumaa bila kukigusisha moto, na kinapolainika ukivute taratibu: utapata uzi wa plastiki unaofaa kuwa antena. Na kila rangi, thina au gundi mpya ijaribiwe kwanza kwenye fremu kabla ya kuguswa na modeli yenyewe. Hili nalisisitiza kwa wakazi wa miji yetu, kwani makopo ya kupulizia na thina ni bidhaa hatari zisizopokelewa kwa urahisi katika usafiri wa ndege, na hivyo wengi hukimbilia maduka ya rangi za magari. Thina nyingi za magari ni kali mno kwa polistireni. Hulainisha uso wake na kufuta mistari yote midogo iliyochongwa.

Ukishajua kukata na kusugua, kazi ya mistari ndiyo hatua inayoleta mabadiliko makubwa kwa gharama ndogo. Mifereji iliyochongwa kwenye mwili wa roboti hujazwa wino wa kijivu au kahawia ili maumbo yaonekane. Usitumie nyeusi kwenye plastiki nyeupe, maana roboti atafanana na mchoro wa kitoto. Kalamu maalumu zinatosha kwa kuanzia. Wino wa enameli (aina ya rangi inayokauka polepole) unaotiririka wenyewe ni mzuri zaidi kwa macho, lakini thina yake ikiingia kwenye ABS au kwenye kiungo kilichobanwa kwa nguvu, plastiki hupasuka, wakati mwingine usiku ukiwa umelala. Tenganisha vipande kwanza, au linda uso kwa tabaka la laka inayong'aa (aina ya rangi inayokauka haraka), kwa kuwa thina ya enameli haiyeyushi laka iliyokauka. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayopanga rangi kwa wanaopaka: laka chini, enameli juu.

Tabaka la mwisho la laka isiyong'aa ndilo linaloondoa sura ya mwanasesere na kumfanya roboti aonekane mzito. Hapa pwani adui ni unyevu. Laka inayopulizwa hewa ikiwa na maji mengi hupata ukungu mweupe, na fundi yeyote wa rangi za magari wa Mombasa au Tanga anaujua ukungu huo. Mimi hupulizia kati ya saa tano na saa tisa mchana, jua likiwa limekausha hewa kiasi, na wakati wa masika huahirisha kabisa nikafanya kazi nyingine. Pulizia mapito mepesi kadhaa, nje au dirishani, ukiwa umevaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi tu.

Kuhusu kumbadilisha roboti awe wako, nina msimamo ambao wenzangu wengi hawaupendi: punguza kabla ya kuongeza. Wengi huanza kwa kumtundikia silaha na mabawa kutoka kwenye maboksi mengine mpaka asiweze kusimama. Mabadiliko yanayoonekana kwa jicho la kwanza ni ya umbo. Antena za kichwani huachwa butu au na kibonge cha ziada kwa ajili ya usalama wa watoto. Zinoe kwa msasa na uso wote utabadilika. Bamba la plastiki la milimita moja au mbili likiingizwa pajani au kifundoni hurefusha mguu, na kichwa kikishushwa kidogo shingoni roboti huonekana mwenye nguvu. Zaku II, roboti wa jicho moja wa upande wa maadui, ni roboti mzuri wa kufanyia mazoezi haya, pamoja na ya kuchonga mistari mipya. Unapochonga, bandika utepe mgumu uwe rula, upitishe ncha mara nyingi bila kuikandamiza. Kisha jiulize mashine hii inafanya kazi wapi, jangwani au kwenye bohari la meli za angani, na uchakavu wake uufuate ukweli huo: miguu ya jangwani huchakaa kwa vumbi kuanzia chini, wala haiwezekani mabega yake yakawa machafu kuliko nyayo.

Kwa anayepaka rangi baada ya yote hayo, sugua kwanza ndani ya viungo, kwani unene wa rangi hubana vipande, na kiungo kikizungushwa rangi hubanduka. Viungo vilivyolegea kwa kuchezewa huimarishwa kwa utando mwembamba wa gundi kali (ya aina ya super glue) unaoachwa ukauke kabisa kabla ya kuunganisha tena. Roboti aliyekamilika awekwe kwenye kabati la kioo mbali na dirisha, kwa sababu jua hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano, na vumbi liondolewe kwa brashi laini ya vipodozi, kuanzia kichwani kwenda chini, mkono mmoja ukiwa umeshika kiuno chake ili antena zisivunjike.