Unauliza mateso unamtoleaje Mungu

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeniuliza hivi: mgongo unakuuma kwa kusimama darasani, mkuu wako anakusema mbele ya wenzako, ukirudi nyumbani Nkuhungu, hapo Dodoma, jioni mabomba yamekauka, na wanajumuiya wanakuambia "mtolee Mungu". Unamtoleaje, na Yeye maumivu ya mgongo ni ya nini kwake?

Nianze na hilo la mwisho. Mungu hafurahii kuumwa kwako. Anachopokea ni upendo unaoutia humo. Paulo anawaandikia Wakolosai (1:24) kwamba anatimiliza mwilini mwake yaliyopungua katika mateso ya Kristo, kwa ajili ya Kanisa. Msalaba haukupungukiwa na thamani hata kidogo. Kilichobaki ni fungu letu, maana Kristo ametaka sisi tulio viungo vyake tushiriki kazi yake. Maumivu peke yake hayaokoi mtu. Yakiunganishwa na ya Kristo, yanamfaa hata mtu usiyemjua.

Pa kuyaunganisha ni Misa. Hapo Kanisa Kuu lenu mtakatifu msimamizi wake ni Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wa Wapasionisti, watawa wenye nadhiri ya kueneza kumbukumbu ya Mateso ya Yesu, kwa hiyo uko mahali pake hasa. Wakati wa kuandaa vipaji, yaani mkate na divai, tazama altare. Divai inamiminwa katika kalisi, kile kikombe cha Misa, kisha maji kidogo sana, na maji yale hayatengani tena na divai. Dakika hiyohiyo taja kimoyomoyo mambo mawili au matatu ya wiki, kila moja kwa jina lake: mgongo wa Jumanne, yale maneno ya ofisini. Ukisema "shida zangu zote" umepeleka furushi lililofungwa, hata wewe hujui umetoa nini. Padre akisema "sadaka yangu na yenu", ujue katika hiyo "yenu" na mgongo wako umo.

Siku za kazi, kabla hujashika simu, dakika moja inatosha: ishara ya msalaba, kisha umtolee Mungu sala, kazi, furaha na mateso ya siku hiyo, pamoja na nia moja, yaani mtu au jambo unaloliombea. Moja tu, ukiweka kumi, kufika saa nne zote umezisahau. Maumivu yakija, sema, "Bwana, hili ni kwa ajili ya fulani," halafu endelea kufundisha. Usingoje kusikia utamu wowote. Wengi wanaachia hapo, wakidhani sala haikufika kwa kuwa moyo ni mkavu, kumbe kutolea ni tendo la utashi: ukishataka, umetoa. Kabla ya kulala pitia siku yako dakika tano, uone yapi uliyatoa na yapi yaligeuka masengenyo. Kumlilia Mungu mwenyewe hukukatazwa, mwanangu. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na Yesu aliomba kwanza kikombe kimwepuke.

Sasa nisikilize vizuri. Kutolea hakuchukui nafasi ya matibabu. Mgongo ukianza kukutia ganzi au udhaifu mguuni, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukionewa kazini, fuata utaratibu na udai haki yako. Unachotolea ni uchungu unaobaki baada ya hapo. Na mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe kamwe kwamba ndio msalaba wake. Kipigo ni dhambi ya anayepiga, na mwanamke huyo anapaswa kuondolewa hatarini. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu linasemwa mno, tena na watu wa sala.

Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya tarehe 11 Februari 1984 kuhusu mateso, anasema Kristo alitufundisha mawili kwa pamoja: kutenda mema kwa mateso yetu, na kuwatendea mema wanaoteseka. Watu wengi wanashika la kwanza tu. Kwa hiyo neno "mtolee Mungu" ni la maumivu yako wewe. Ukienda na jumuiya kwa mgonjwa, mchotee maji, fua shuka, uliza kama padre ameitwa kwa sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, na usingoje mpaka awe mahututi. Habari ya kutolea mweleze siku atakayokuuliza mwenyewe.

Mama yako