Taa ya ndani haiwaki mlango ukifunguliwa

Pole kaka. Kama kwenye gari lako la Volkswagen Golf ya kizazi cha nne taa ya ndani haiwaki ukifungua mlango wa dereva, wala kengele hailii ukiacha taa kubwa zikiwaka, usikimbilie kununua kitasa kizima. Mara nyingi ni kiswichi kidogo kilichomo ndani ya kitasa chenyewe. Ila kwanza vuta ule mpira kati ya mlango na bodi uangalie waya; zikikatika pale, dalili zinafanana.

Waya zikiwa nzima, chomoa betri, toa kava la mlango, kisha kitasa. Weka testa kwenye pini za swichi huku ukisukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi. Usomaji usipobadilika, fungua plastiki taratibu, tazama miguu ya swichi kwenye mwanga mkali. Utaona duara jeusi, jembamba kama unywele, limeuzunguka mguu kwenye risasi ya kulehemu. Huo ndio ufa unaokata umeme. Gusa kwa pasi ya kulehemu ya fundi redio, ongeza risasi mpya, basi.

Na tafadhali sana, kijaribu kitasa kabla hujaufunga mlango. Ukikwama umefungwa, kuufungua ni mateso.