Daktari wa Samaki Anajibu: Poda ya kuku kwenye manii ya kambare

SWALI: Daktari, natotolesha kambare huku Ruai. Nikipasua dume, manii hubaki, na kijana anayenisaidia huyagandisha kwenye mtungi wa nitrojeni. Sasa anataka tutie antibiotiki yasiharibike. Poda ya kuku ninayo, ile ya manjano. Nitie vijiko vingapi? Na nitrojeni ikiisha, friza ya jikoni itafaa? – Mama Kambare, Ruai

JIBU: Mama, poda ya kuku irudishe kabatini. Mara nyingi dawa hizo huchanganywa na vitamini, sukari au chumvi, na mbegu za samaki hazitaki mchezo na chumvi. Ndani ya korodani zimetulia tuli; zikiguswa na maji, au mkojo wa dume mwenyewe, huamka, zikaogelea kama dakika moja, basi. Ndiyo maana maji ya kuhifadhia huandaliwa kwa mizani.

Kijana hajakosea, lakini. Maabara hutumia penisilini na streptomisini, au jentamisini, kuzuia bakteria kama Pseudomonas na Aeromonas. Ila dawa hiyo hufanya kazi manii yakiwa kwenye friji yakingoja kugandishwa, na tena yakishayeyuka. Kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri bakteria nao wamelala: dawa haiwagusi, na wapo watakaoamka siku ya kuyeyusha. Ukichanganya na kugandisha papo hapo, umeitupa pesa. Ukizidisha, mbegu zenyewe hulegea. Kipimo akuandikie daktari wa mifugo.

Mimi ningeanzia kwenye kisu. Kambare dume hakamuliki, lazima apasuliwe, na ncha ikitoboa utumbo tu, kinyesi kimeshaingia. Mkaushe samaki, pangusa tumbo kwa spiriti, toa korodani, futa damu yote kwa tishu safi, ndipo uzikate. Kisha gawa manii ya dume mmoja mafungu mawili, moja lenye dawa na jingine bila, yalale kwenye friji. Asubuhi tia tone la maji, tazama kwa hadubini zipi zinakimbia. Zikilingana, dawa ya nini?

Friza ya jikoni hapana. Ni nyuzi kama 18 tu chini ya sifuri. Barafu huzidi kukua ndani na kuchana mbegu, na antibiotiki haishoni. Nitrojeni ulizia Kabete, kwenye kituo cha serikali cha mbegu za ng'ombe, ingawa kutoka Ruai ni kuvuka jiji zima, na foleni unaijua. Piga simu kwanza.