Wasomaji Wanauliza: Nimepata nafasi ya uzamili, mbona nahisi sikustahili?

Vyuo vyetu vingi hufungua masomo ya shahada za juu kati ya Oktoba na Novemba, na barua za miezi hiyo huja na hofu moja yenye sura nyingi. Safari hii tumechukua barua tano, tatu za Tanga na mbili za Bagamoyo. Maswali tumeyafupisha, majina tumeyaacha.

Assalaam aleikum wahariri. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, miaka tisa kazini. Nimepata nafasi ya uzamili Dar es Salaam kwa GPA yangu ya zamani ya 3.6. Darasani nimezungukwa na vijana waliohitimu juzi, wanazungumza mambo ambayo mimi nimeyasahau. Naona kama jina langu lilipita kwa bahati, na ipo siku watanigundua. (Mwalimu, Chumbageni)

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Hofu ya "kugunduliwa" ilishaandikwa zamani. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walieleza habari za wanawake waliofaulu sana masomoni na kazini, lakini wakaendelea kuamini kwamba wamewadanganya watu. Tafiti za baadaye zikaikuta hali hiyohiyo kwa wanaume. Haimo katika orodha za magonjwa ya akili. Ni mazoea ya kufikiri, na yana mzunguko wake.

Mzunguko wenyewe ni huu. Kazi inatolewa, hofu inaingia. Mtu ama anajiandaa kupita kiasi, kazi ya siku mbili akaikeshea wiki nzima, ama anaiahirisha hadi usiku wa mwisho. Akifaulu kwa kukesha anasema, "Nimefaulu kwa kujitesa, wenzangu hawahangaiki hivi." Akifaulu kwa kuahirisha anasema, "Bahati tu." Kwa vyovyote vile, alama nzuri haimwongezei imani hata kidogo, na ndiyo maana sifa za wenzako hazikutulizi.

Basi ukate mzunguko huo pale kwenye maandalizi. Kabla hujaanza kazi ya kurasa tano, jiwekee kikomo, tuseme saa 10 zilizogawanywa kwa siku nne. Zikiisha, kagua mara moja, kabidhi. Andika saa ulizotumia na alama uliyopata. Baada ya kazi tatu au nne utakuwa na kumbukumbu zako mwenyewe za kukuonyesha juhudi yako inazaa nini.

Halafu kuna yale usiyoyajua kweli, nayo tusiyafiche kwa maneno ya kutia moyo. Chukua muhtasari wa kila somo, kila mada uipe namba: 0 sijawahi kufundishwa, 1 nimesahau, 2 naikumbuka, 3 naweza kuifundisha. Mwalimu wa miaka tisa atashangaa 3 zilivyo nyingi, maana vijana wale wanasema kwa istilahi mpya mambo ambayo wewe umeyachora ubaoni miaka yote. Zile 0 kwa kawaida hukusanyika kwenye takwimu na programu za kompyuta. Ulizia idara inatumia programu gani. Kama ni R, inapakuliwa bure. Jifunzie kwa data unayoielewa: alama za mikondo miwili ya kidato cha pili, bila majina. Tafuta wastani, mchepuko sanifu (yaani alama zimetawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani), kisha pima kama tofauti ya mikondo hiyo ni ya kweli au ni ya kubahatisha. Dakika 45 kila siku kwa wiki sita zitakufikisha mbali kuliko Jumamosi moja ya kutwa nzima, kwa sababu amri za programu husahaulika upesi zisipotumika.

Habari za kazi. Mimi ni muuguzi, nimeanza uzamili wa afya ya jamii. Makala moja ya kurasa kumi inanichukua siku nzima, na nikimaliza siwezi kusema ilihusu nini. Tunapewa nne kwa wiki. Naanza kuamini kichwa changu kimeishia hapa. (Muuguzi, Raskazone)

Kichwa chako kizima, ndugu muuguzi. Kinachokuangusha ni kuisoma makala ya kitaaluma kama riwaya, neno la kwanza hadi la mwisho. Makala hizi husomwa kwa mizunguko.

Mzunguko wa kwanza ni dakika 10, tega saa. Soma kichwa, ikisiri, aya ya mwisho ya utangulizi (ndimo waandishi wengi husema walitaka kujua nini), vichwa vya sehemu, majedwali na michoro, kisha hitimisho. Funga. Andika sentensi tatu bila kuchungulia: waliuliza nini, walimpima nani na kwa njia gani, walikuta nini. Ya tatu ikikushinda, rudi kwenye majedwali, usirudi mwanzo.

Mzunguko wa pili ni saa moja, kalamu ya risasi mkononi, na uanzie kwenye majedwali kabla ya maelezo ya waandishi. Jedwali la kwanza mara nyingi hueleza washiriki: umri, jinsia, elimu, wanakoishi. Jiulize kama wanafanana na wagonjwa wa wodi yako. Hapo muuguzi ana macho ambayo mwanafunzi aliyetoka moja kwa moja chuoni hana.

Kisha yanakuja matokeo, na hapa ndipo wengi hukwama. Chukua mfano: "uwiano wa hatari 2.3, mipaka ya uhakika ya asilimia 95: 0.9 hadi 5.8." Maana yake, katika sampuli ile kundi moja lilipatwa na tatizo mara 2.3 ya jingine. Mipaka ya uhakika inakuonyesha uwiano halisi, nje ya sampuli ile, unaweza kuwa kuanzia wapi hadi wapi. Kwenye uwiano, 1 ni alama ya kutokuwa na tofauti. Tazama kama 1 imo ndani ya mipaka. Hapa imo, kati ya 0.9 na 5.8, kwa hiyo data hii haitoshi kusema tofauti ipo. Lakini usikimbilie kuandika kwamba tofauti haipo. Mipaka mipana namna hii huashiria kwamba sampuli, au idadi ya waliopatwa na tatizo, ilikuwa ndogo. Ingekuwa 1.6 hadi 3.3, ungezungumza kwa ujasiri zaidi. Ukishazoea kusoma mstari wa aina hii, sehemu kubwa ya makala za fani yako haitakutisha tena.

Mzunguko wa tatu, wa kuchambua kila hatua, huweza kuchukua saa nne au tano, na si wa kila makala. Ni wa zile utakazowasilisha au kuzitegemea kwenye tasnifu. Muulize mhadhiri, "Kati ya hizi nne, ipi tuichambue kwa kina?" Swali hilo halikushushii hadhi, na litakuokolea siku nzima.

Istilahi ziandikie daftari lake. Neno ukikutana nalo kwenye makala mbili tofauti, lieleze kwa sentensi moja ya Kiswahili chako mwenyewe. Ikishindikana, hujalielewa bado, hata kama unaweza kulitamka. Makala na sentensi zako tatu zihifadhi kwenye Zotero, programu ya bure inayokutengenezea pia orodha ya marejeo. Ukitoka zamu ya usiku, fanya mzunguko wa kwanza tu. Ule wa pili utasoma mstari mmoja mara nne kisha ujilaumu bure.

Kila semina nina swali. Nalitunga kichwani kwa Kiingereza, nikimaliza mada imeshapita. Nyumbani mimi ni wa kwanza kufika uzamili, na kila nikikosa shughuli naambiwa najiona msomi. (Kijana wa Dunda, Bagamoyo)

Swali liandike nyumbani, sentensi kamili, kisha lisome likiwa kwenye karatasi. Kusoma swali si kosa. Liulize ndani ya robo saa ya kwanza, maana kadiri unavyosubiri ndivyo moyo unavyozidi kudunda na swali linavyoonekana dogo. Matatu haya hufaa karibu makala yoyote: kwa nini mbinu hii na si nyingine, nani hakuingizwa kwenye sampuli, matokeo haya yangesimama huku pwani?

Lugha ina sababu zake. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari na kuendelea ni Kiingereza. Jirani yako anayeteleza kwa ufasaha huenda alianza Kiingereza akiwa na miaka sita. Amekutangulia kwa miaka ya mazoezi, akili ni jambo jingine. Soma kwa sauti dakika 10 kila siku kutoka makala za fani yako, si magazeti, ili mdomo uzoee istilahi zenyewe. Neno likikupotea katikati ya semina, liseme kwa Kiswahili uendelee.

Kuhusu nyumbani, usijitetee kwa kila mtu. Mchague shangazi au mjomba mmoja anayesikilizwa, mpe ratiba yenye tarehe za mitihani na za kukabidhi kazi, mweleze kila muhula una nini. Msiba ukitokea utakwenda. Vikao vya harusi yeye atakusemea.

Nilimpelekea msimamizi wazo langu la utafiti kuhusu mwani wa Mlingotini, kurasa tatu. Limerudi limejaa maandishi mekundu, na juu kabisa ameandika, "Kwa hiyo?" Sijalifungua tena, ni wiki ya tatu sasa. Nafikiria kuomba kuahirisha mwaka. (Bagamoyo mjini)

Usiombe kuahirisha bado, dada. Lifungue leo, kwa sababu wiki tatu za kulikimbia ndizo zinazolikuza. Na tukwambie kwa dhati: msimamizi aliyejaza kurasa tatu kwa wino amezisoma. Wa kumwogopa ni yule anayerudisha karatasi safi na neno "sawa".

Chora jedwali la safu nne: alichoandika, aina yake, nilichofanya, ukurasa. Aina ni tatu. Kuna za lugha na mpangilio, kama tahajia na marejeo yasiyokamilika. Kuna za hoja. Kuna za mbinu, yaani sampuli, vipimo na uchambuzi. Hesabu kila aina. Mara nyingi za kwanza ndizo nyingi zaidi, na zinaisha kwa kikao kimoja cha jioni. Anza nazo, ukurasa upungue wekundu. Za hoja zipe siku tatu. Za mbinu usizimalize peke yako, ziandae ziwe maswali ya kikao.

Hilo "Kwa hiyo?" ni la hoja. Umetuambia sentensi yako ya kwanza ilikuwa, "Kilimo cha mwani ni muhimu sana kwa uchumi wa wanawake wa pwani." Ni kweli, na hakuna atakayebisha, ndiyo maana haianzishi utafiti. Tatizo la utafiti linahitaji vitu vitatu: kinachojulikana, kisichojulikana, na hasara ya kutokukijua. Jaribu hivi:

"Wakulima wengi wa mwani wa pwani ya Tanzania wameacha aina ya cottonii, yenye bei nzuri, kwa sababu hufa maji yanapopata joto, wakabaki na spinosum, inayostahimili zaidi lakini ina bei ndogo. Utafiti huu unauliza mabadiliko hayo yamefanya nini kwa kipato cha kaya za Mlingotini. Bila jibu hilo, mipango ya kuwapeleka wakulima kwenye maji ya kina kirefu itakosa kipimo cha kama gharama yake inarudi."

Sentensi tatu. Kabla hujaiweka ya pili, tafuta kwanza kama kuna aliyekwisha kupima jambo hilo. Ukimpata, usivunjike moyo: swali lako linahamia pale alipoishia.

Kikao kijacho mpelekee kazi siku tatu kabla, na ukurasa mmoja juu: nilichobadilisha, nilichokwama, maswali yasiyozidi matatu. Baada ya kikao, ndani ya siku moja, mwandikie barua pepe fupi ya mliyokubaliana na tarehe. Wasimamizi wana wanafunzi wengi na husahau waliyoyasema. Barua hiyo inakulinda asije akadai kinyume mwezi unaofuata, na itakuonyesha kwamba yale mekundu mengi mmeshayamaliza.

Ungependa kumwambia kuwa unaogopa? Mwambie jambo linalotendeka: "Nimekwama kwenye sampuli, naomba dakika 20." Hofu yenyewe mweleze mwenzako wa darasa unayemwamini. Huenda naye anayo karatasi ambayo hajaifungua.

Tangu nianze chuo silali. Saa tisa usiku niko macho nahesabu makosa, chakula hakipiti, hata kuswali naswali bila moyo. Mume wangu anasema ni mawazo ya shule, yatapita. (Ngamiani)

Pole sana, mama. Huenda yakapita, lakini tazama muda. Mtu akikaa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, ana huzuni au hana raha na jambo lolote, pamoja na usingizi na hamu ya kula kubadilika, hapo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Nenda hospitali, Bombo au kituo kilicho karibu, uwaeleze dalili na siku zilipoanza, usiseme tu "mawazo". Chuoni ulizia ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ikibidi kuahirisha kwa sababu ya afya, ombi liandikwe kabla ya mitihani na liambatane na cheti cha daktari, kwani anayetoweka bila barua huhesabiwa ameacha masomo. Na likikujia wazo la kujidhuru, usisubiri wiki mbili wala asubuhi. Mwamshe mume wako mwende usiku huohuo.