Luku inaisha mapema msimu wa baridi: tupunguze wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Uyole, Mbeya, na mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Uani kuna vyumba viwili vya wapangaji, kila mmoja anaishi peke yake, na wote tuko kwenye mita moja. Mwezi wa kumi umeme wa 20,000 ulitufikisha karibu mwisho wa mwezi. Tangu Juni ianze, 20,000 hiyo hiyo inaisha kwa siku kumi na mbili. Tuna friji ndogo, TV, pasi, jiko la umeme la sahani moja tunalopikia maharage mara mbili kwa wiki, na hita ya kuchovya kwenye ndoo kwa ajili ya maji ya kuoga. Wapangaji wana taa na TV tu, maji wanachemsha kwa mkaa. Fundi mmoja alisema mita inakimbia, mwingine akasema tubadilishe nyaya za nyumba nzima. Mume wangu anataka tuhamie gesi kwa kila kitu. Sitaki watoto waoge maji ya baridi, na baridi ya huku unaijua. Tupunguze wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kabla hamjatoa hata shilingi kwa ajili ya nyaya, tufanye hesabu, maana umenipa karibu kila kitu ninachohitaji.

Kwa bei za TANESCO zilizopo tangu 2016, mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, analipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, unafika kama 356. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa pia kodi ya majengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Kwa hiyo 20,000 yako inabaki 18,500, nayo inakupa uniti 52 hivi. Angalia risiti: kama ndivyo inavyosoma, uko T1. Uniti 52 kwa siku kumi na mbili ni zaidi kidogo ya uniti 4 kwa siku. Mwezi wa kumi mlikuwa mnatumia pungufu ya uniti 2. Kuna uniti mbili na nusu kila siku ambazo Oktoba hazikuwepo, na tunazitafuta hizo.

Nyaya zinazovuja hazisubiri Juni. Mita nayo haijui kama kuna baridi. Hata hivyo, usiniamini kwa maneno, pima mwenyewe jioni moja. Chomoa kila kifaa, zima taa zote, waombe na wapangaji wafanye hivyo. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachomweka umeme unapopita. Kikiendelea kumweka na hakuna kinachotumika, zima swichi kuu. Kikinyamaza hapo, umeme unavuja ndani ya nyumba yenu au kuna mtu kajiunganisha, na fundi wa nyaya anahitajika kweli. Kikiendelea hata swichi kuu ikiwa imezimwa, waite TANESCO. Kisipomweka kabisa tangu mwanzo, nyaya zenu hazina deni na mimi nisingezigusa.

Kitaa hicho hicho ndicho kipimo bora cha matumizi ulichonacho, na hukilipii. Kwenye uso wa mita pameandikwa idadi ya mimweko inayotimiza uniti moja, mara nyingi 1000. Kama ni 1000, washa kifaa kimoja peke yake, hesabu mimweko ya dakika moja, zidisha kwa 60: hizo ni wati zake. Mimweko 25 ni wati 1,500. Fanya hivyo kwa hita, kwa jiko, kwa pasi, halafu kwa TV na taa. Ukishaona TV inavyomweka kwa kujivuta na hita inavyomweka bila kupumzika, hutagombana tena na watoto kuhusu TV.

Sasa tuje kwenye hita. Maji ya tenki huko Uyole asubuhi ya Juni yanaweza kuwa nyuzi 15 hivi. Maji mazuri ya kuoga ni nyuzi 40. Kupandisha ndoo ya lita 20 kwa nyuzi hizo 25 kunahitaji uniti 0.58, na hapo hakuna ujanja, hata hita iwe ya bei gani. Watu saba, kila mmoja lita 12 za maji ya vuguvugu, ni lita 84. Hiyo ni uniti 2.4 kwa siku. Linganisha na zile mbili na nusu tulizokuwa tunazitafuta. Ni maji ya kuoga, mwalimu, yanayogharimu kama 870 kila siku.

Watu wengi wanashauri msichemshe mpaka yatokote, yaani mpashe vuguvugu tu. Ushauri huo unasaidia kidogo sana, kwa sababu maji yaliyochemka ukiyachanganya na ya baridi joto lake halipotei, linagawanyika tu. Hasara iko kwenye kuyaacha yaendelee kutokota wakati mtoto wa kwanza bado analala. Lita moja ikigeuka mvuke imeondoka na uniti 0.63, zaidi ya zinazohitajika kupasha ndoo nzima ya mtu kuoga. Kwa hiyo anayewasha hita asimame karibu, na azime maji yanapoanza kuchemka. Azime kwenye soketi na kuchomoa kabla hajatia mkono kujaribu joto. Hita za ndoo zimeua watu. Kama soketi hiyo haina waya wa erthi, hilo ni jambo la kumwita fundi hata kama hamna hela ya jambo jingine.

Lakini akiba kubwa iko juani. Nyanda za Juu Kusini zimejaliwa jambo ambalo hatulitumii: miezi yetu ya baridi ndiyo miezi ya kiangazi. Juni hadi Agosti usiku unatetemesha, ila mchana mbingu ziko wazi na jua linawaka hasa. Chukua madumu manne ya lita 20, yapake rangi nyeusi, yalaze kwenye bati au juu ya nailoni nyeusi mahali pasipo na upepo, yafunike kwa nailoni inayopitisha mwanga. Yatoke saa tatu asubuhi, yaingizwe ndani saa kumi jua likiwa bado na nguvu, na yafunikwe blanketi. Yakitoka nyuzi 15 na kufika 30 tu, madumu manne yamekuokolea uniti 1.4, karibu shilingi 500 kwa siku. Sharti ni moja: watoto waoge jioni, saa kumi na moja au kumi na mbili, badala ya alfajiri. Najua kwenye nyumba nyingi hilo ni gumu kuliko kupaka madumu rangi, na mama mkwe anaweza kuwa na lake la kusema. Alfajiri mtoto anaosha uso na miguu kwa chupa ya chai iliyojazwa maji moto usiku. Maji ya madumu hayo msiyanywe.

Maharage yana kisa chake. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Ndiyo maana maharage yanayoiva Dar es Salaam kwa muda fulani hapa yanakuchosha, na Njombe na Makete yanachosha zaidi. Sahani ya wati 1,000 kwa saa mbili na nusu inakaribia uniti 2.5. Cha bure kabisa ni kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji yale na kupika kwa mfuniko mzito. Cha kununua, mkipata nafasi, ni presha kuka ya umeme. Inafunga mvuke ndani, joto linapanda kupita nyuzi 110, mwinuko wetu unakuwa hauna kauli, na umeme ukishapandisha presha unawaka na kuzima wenyewe. Maharage yanatoka kwa kama nusu uniti. Kwa vifaa vyote vya jikoni vinavyotangazwa sasa kwa jina la nishati safi, hicho ndicho ambacho ningemshauri dada yangu akiwekee akiba.

Kuhusu gesi, mwambie baba apige hesabu pamoja nawe. Mtungi wa kilo 6 una nishati ya uniti 76 hivi, lakini nusu yake hivi huishia kupasha hewa pembeni ya sufuria. Zinazoingia kwenye chakula ni kama 38. Gawanya bei ya kujaza mtungi hapo mtaani kwenu kwa 38. Sahani ya umeme kwa T1 inakugharimu kama 530 kwa kila uniti inayoingia kwenye sufuria, kwa sababu nayo inapoteza theluthi. Kwa hiyo mtungi ukijazwa kwa zaidi ya 20,000, gesi ni ghali kuliko sahani. Hita iliyozama majini haipotezi karibu chochote, ni 356 hiyo hiyo, kwa hiyo kuhamishia maji ya kuoga kwenye gesi kutawaongezea gharama. Gesi ibaki kwa chai ya haraka na siku umeme ukikatika.

Friji isogezeni mbali na ukuta, na kitufe chake kirudisheni chini kwa miezi hii. Taa zikiwa za LED tayari, ziacheni. Pasi ya sare za wiki nzima ipigwe siku moja.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Wapangaji wanaochemsha kwa mkaa wasilale na jiko chumbani ili kupasha joto, hata kama moshi hauonekani na mkaa umeshakuwa mwekundu. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu, na mtu hufa usingizini. Waambie leo.

Sasa fedha kubwa yenyewe. TANESCO ina kundi la D1 kwa nyumba zenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Humo uniti ni shilingi 100, na kodi zikiingia ni 122. Oktoba ninyi, pamoja na wapangaji, mlitumia kama uniti 57. Mlistahili 122 mkalipa 356. Tatizo ni miezi hii ya baridi, ambayo inawapeleka kwenye uniti 130 kwa mwezi. Ondoa kila siku uniti 1.4 za madumu na karibu 0.6 za maharage mkipata presha kuka, mnarudi kwenye uniti 2.3 kwa siku, yaani kama 70 kwa mwezi, hata Julai. Mwezi wa uniti 70 kwa D1 ni kama 8,500, na kodi ya majengo juu yake.

Anzeni madumu wiki hii, mwandike namba za mita kila Jumapili kwenye daftari. Mkiona mnakaa chini ya 75 bila kuhangaika, nendeni ofisi ya TANESCO mkiwa na namba ya mita na mwombe kuhamishiwa D1. Wataangalia manunuzi yenu ya nyuma. Mkishahamishwa, msinunue umeme mwingi wa akiba kwa mpigo, maana kinachohesabiwa ni mlichonunua ndani ya mwezi, na uniti inayozidi 75 inauzwa 350 kabla ya kodi. Na mpangaji mwingine akija na hita yake, mwombee mita yake mwenyewe. Mita ndogo ya kugawana bili haiwatoi kwenye T1, inawaonyesha tu nani katumia kiasi gani.