Je, kununua hisa za makampuni ya dawa ni kula maradhi ya watu?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni muuguzi mstaafu na mjane. Mirathi ya marehemu mume wangu imeshagawanywa. Fungu langu na la watoto wangu wawili, ambao hawajabaleghe, nimelishika mimi. Nataka kununua hisa za makampuni ya afya, maana ndiyo kazi ninayoijua. Mwalimu wetu wa darsa amesema ni haramu, kwamba mwenye hisa za dawa huombea watu waugue ili apate gawio. Kaka yangu anasema nisisumbuke, afya yote ni halali, tena programu ya simu inayopima hisa za halali imeweka alama ya kijani. Nishike lipi? Usiku sipati usingizi.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Allah amrehemu mumeo na akutulize moyo. Swali lako nimelisoma mara tatu, na lililonisumbua ni hilo neno uliloambiwa darsani, kwa sababu sasa linazunguka sana na linawatia waja wema dhambi wasiyoitenda.

Mwalimu wako ana pa kushikia, napajua. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya Rafi' bin Khadij kwamba pato la mpiga chuku, yaani anayewatoa watu damu kwa tiba, ni baya. Lakini mwenye kuishia hapo amefunga kitabu mapema. Ibn Abbas amesema, kama ilivyo katika Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) alipigwa chuku akampa aliyempiga ujira wake, na lau ingekuwa haramu asingempa. Ndiyo maana wanazuoni wengi wakalichukua lile neno "baya" kuwa ni karaha, wala si uharamu. Halafu kuna kisa cha Abu Said al-Khudri. Maswahaba walikuwa safarini, kabila moja likawanyima ukarimu, kisha mkuu wao akaumwa na nge. Wakaja kuomba msaada. Maswahaba wakataka kwanza ujira wa kondoo, ndipo mmoja wao akamsomea al-Fatiha na mgonjwa akasimama. Walipomrudia Mtume alisema wamepatia, wagawane, na yeye wamtengee fungu. Sasa namuuliza ndugu yangu wa darsani: Mtume alipotaka fungu lake, alikuwa akiwaombea watu waumwe na nge?

Mkunga hulipwa kwa uchungu wa mzazi, mchimba kaburi hulipwa kwa msiba, na hatujasikia mwanachuoni aliyewahukumu hao kwa nia wasiyokuwa nayo. Wewe mwenyewe ulikula mshahara wa uuguzi miaka yote. Ikiwa gawio la dawa ni haramu kwa sababu limetokana na maradhi, basi na mshahara wako ulikuwa haramu, na hilo halisemi mtu anayejua anachokisema. Kumfungia muumini mlango ambao Allah hakuufunga si uchamungu. Huko ni kusema juu ya Allah bila elimu.

Hata hivyo kaka yako naye hayuko salama. "Afya" ni jina la kapu, na ndani ya kapu hilo masoko ya hisa huweka vitu vya kila namna. Mfano mkubwa ni UnitedHealth Group ya Marekani: imo katika kundi la afya, lakini shina la biashara yake ni bima. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa nchi za Kiislamu, ilipokutana Jeddah mwaka 1985 iliamua kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharari, yaani utata wa kutojulikana nani atapata nini, inayobatilisha mkataba. Kwa hiyo mtu anaweza kununua "afya" akajikuta ni mshirika katika bima. Kuna pia viwanda vinavyotoa heparini, ile dawa ya kuzuia damu isigande uliyoichoma mara nyingi kazini, na sehemu kubwa yake hutolewa katika utumbo wa nguruwe. Kumtibu nayo mgonjwa asiye na badala ni mlango wa dharura. Kuifanya mtaji ni jambo jingine, na mimi kiwanda ambacho hiyo ndiyo biashara yake kuu sikupendekezei. Jilatini ya vidonge, ile ganda laini litokanalo na ngozi na mifupa ya wanyama, pengine nguruwe, ni nyepesi zaidi, maana wanazuoni na madaktari waliokutana Kuwait mwaka 1995 waliona kwamba kilichogeuka kabisa umbile hutoka katika unajisi. Usijitie wasiwasi kwa kila kidonge.

Jambo zito ni deni la riba. Majmaa hiyo hiyo mwaka 1992 ilisema asili ni haramu kuingia ubia na kampuni ambayo kazi yake ni halali lakini mara nyingine inaingia katika riba. Wengine wamelegeza. Kiwango cha AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, kinaruhusu kwa masharti: mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba nazo vivyo hivyo, na mapato ya haramu yasizidi asilimia 5, kisha fungu hilo ulitoe katika gawio lako bila kutarajia thawabu ya sadaka. Wapo walioweka kikomo cha theluthi badala ya asilimia 30, nao huitegemeza kwenye neno la Mtume kwa Saad bin Abi Waqqas, "theluthi, na theluthi ni nyingi", ingawa neno hilo lilihusu wasia. Mimi nafuata ruhusa hii kwa sababu ya uzito wa hali za watu, huku nikijua upande wa pili una nguvu. Ukipata kampuni isiyo na deni la riba, hiyo ndiyo ya kutangulizwa.

Ile alama ya kijani ni hesabu ya siku iliyopigwa. Kampuni ya thamani ya bilioni 10 yenye deni la bilioni 2.5 imepita. Bei ya hisa ikianguka kwa nusu, deni lile lile limekuwa nusu ya thamani, na simu yako huenda bado ina rangi ya jana. Fungua taarifa ya fedha ya mwaka, nenda kwenye mizania, ukurasa wa mali na madeni ya kampuni, tafuta mikopo, gawanya mwenyewe.

Na kuna jambo ambalo programu hailipimi kabisa: dhuluma kwa mgonjwa. Februari 2015 kampuni ya Valeant ilinunua dawa mbili za moyo, Nitropress na Isuprel, na siku ile ile ikapandisha bei, moja kwa asilimia 212 na nyingine kwa 525. Dawa ni zile zile, viwanda ni vile vile, wagonjwa ni wale wale. Ilikuwa imebeba madeni ya dola bilioni 30 hivi. Agosti ya mwaka ule hisa yake ilikuwa juu ya dola 260. Kabla ya 2016 kwisha ilikuwa chini ya 20. Nakutajia kisa hiki kwa sababu anayetazama vizuri kwa jicho la dini, deni na dhuluma, angeiacha kampuni ile kabla haijaanguka. Soma faida imetoka wapi: dawa mpya na wagonjwa wengi zaidi waliofikiwa, au bei iliyopandishwa juu ya shingo ya asiye na pa kukimbilia?

Hapa sasa nina neno nawe, dada, nalo ni kubwa kuliko hukumu ya hisa. Umeandika "fungu langu na la watoto" kana kwamba ni pesa moja. Si moja. Lao ni mali ya yatima, na Allah amesema msiikaribie ila kwa njia iliyo bora. Zitenganishe leo, kila fungu na hesabu yake, na uandike. Sayyidna Umar amepokewa akisema mali ya yatima ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka, kwa hiyo sikwambii uilaze tu. Lakini usiiweke kwenye kampuni inayoishi kwa dawa moja. Katika dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa wanadamu, takriban moja tu ndiyo hupata kibali. Jaribio likifeli, hisa huanguka asubuhi moja. Hata dawa iliyofaulu ina mwisho: hataza, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza, ya Lipitor, dawa ya kolesteroli ya kampuni ya Pfizer, ilipokwisha Marekani Novemba 2011, mwaka uliofuata mauzo yake yalishuka kwa zaidi ya nusu. Ya watoto itawanye, sehemu ndogo tu iende kwenye afya, na katika makampuni yenye dawa nyingi na deni dogo. Lako ni lako, una uhuru nalo zaidi, ila ada ya shule na matumizi ya mwaka yasiguse soko kabisa.

Zaka ya hisa utakazonunua kwa kukaa nazo tutaipigia hesabu mwaka ukitimia. Kwa sasa usinunue kitu. Chagua makampuni mawili au matatu, uniletee mizania zao tuzisome pamoja, na mwalimu wako wa darsa mwambie nimemwalika naye. Wallahu a'lam.